Mukaka Berthe na Kiti cha Luc

Kila asubuhi Mukaka Berthe aliamka wa kwanza katika nyumba ya mwanawe Mathe, mtaani Kimemi, mjini Butembo. "Mukaka" ni "bibi" kwa Kinande, na majirani wote walizoea kumwita hivyo. Aliwasha babula, jiko lake la makaa, akateleka maji, kisha akamchukua mjukuu wake Luc ili mama yake, Kyakimwa, ajitayarishe kwenda kuuza vitenge sokoni.

Luc alikuwa na miezi minane. Asubuhi za Butembo ni za baridi, na Berthe hakufanya mchezo na baridi. Alimvika Luc shati, tena tricot ya sufu, tena koti nene, na kofia ya kufunika masikio. Halafu alimfunga mgongoni kwa kitenge na kufagia lupango, yaani ua wa nyumba, huku akimwimbia. Séphora, dada yake Luc mwenye miaka mitano, alimfuata nyuma akifagia kwa kijiti chake.

Berthe alitoka Kayna. Vita ilipokaribia kule, alitembea barabarani siku nyingi, akimbeba Jemima, mtoto wa binti yake Joyeuse. Mvua iliwanyeshea. Watu walisukumana. Kuna wengine waliopoteza hata viatu na sufuria. Berthe hakumwachilia Jemima hata mara moja. Tangu siku zile watu wa nyumbani walipenda kusema kwamba mtoto akiwa mikononi mwa Mukaka, hakuna wasiwasi.

Mathe alikuwa na duka la simenti, misumari na mabati. Mwaka ule alinunua motokari ndogo, iliyokwisha kutumiwa na watu wengine. Furaha ilikuwa kubwa. Kyakimwa alishona vifuniko vizuri vya maua mekundu na kuvifunika viti vyote. Siku ya Jumapili walipokwenda misa, Berthe alipewa nafasi ya mbele, maana yeye ndiye mkubwa wa nyumba. Luc alikaa juu ya magoti yake. Kyakimwa alikaa nyuma. Séphora alisimama katikati ya viti viwili vya mbele ili aone njia.

Berthe hakufunga mkanda.

"Unabana mutoto," alisema. "Miye namushika."

Na kweli alimshika.

Jumapili moja walikuwa wanateremka kwenda misa. Mathe hakukimbiza. Ghafla pikipiki yenye magunia ya makaa ilitoka katika njia ya kando, bila kupiga honi. Mathe alikanyaga breki kwa nguvu zote.

Motokari ilisimama. Haikugusa pikipiki. Lakini Luc hakuwa tena mikononi mwa Berthe. Alikuwa amepiga kichwa kwenye ubao wa mbele na kuanguka miguuni pake. Kwa muda mdogo hakulia. Halafu alilia, na Kyakimwa naye akalia. Séphora alikuwa ameanguka katikati ya viti, mdomo ukitoka damu.

"Mungu wangu! Mutoto! Mutoto!" Kyakimwa alipiga kelele.

Hawakufika misa. Walikwenda moja kwa moja hospitali. Daktari alimpima Luc vizuri, akatazama macho yake, akawaambia wangoje pale ili amwangalie tena. Jioni alirudi.

"Bana bahati," alisema. "Ni uvimbe tu wa inje. Lakini kama anatapika, ao kama anasinzia na hapana kuamuka muzuri, murudie hapa mbio."

Luc hakutapika. Kesho yake alicheka na kunyonya kama kawaida. Uvimbe wa paji la uso ulianza kushuka. Mdomo wa Séphora ukapona. Nyumba nzima ilipumua.

Berthe peke yake hakupumua.

Aliendelea kuwasha babula na kufagia, lakini Luc hakumgusa tena. Mtoto alimnyoshea mikono, naye aligeuza uso.

"Mama, mumushike kidogo, nioshe bisahani," Kyakimwa alimwomba.

"Mulaze ku kitanda," Berthe alijibu.

"Anawataka ninyi."

"Asinitake. Mikono yangu imeisha."

Hakuna mtu aliyemlaumu Berthe. Mathe alijilaumu yeye, kwa sababu ya breki. Kyakimwa aliilaumu pikipiki. Lakini Berthe alikaa juu ya kiti chake kidogo cha mbao, akageuza mikono yake huku na huku, kama mtu anayetafuta mahali ilipopasuka. Ilikuwa mikono ile ile ya njia ya Kayna. Sasa ilifunguka kwa breki moja tu. Alijiambia kwamba amezeeka, na kwamba mzee wa namna hiyo hafai kukabidhiwa mtoto.

Ng'ambo ya njia alikaa Delphine, mama yake Grady. Mume wake, Kalala, alikuwa mfanyakazi wa serikali aliyetumwa Butembo kutoka Kasaï. Delphine mwenyewe alikuwa mganga wa viungo hospitalini. Kazi yake ni kuwazoesha watu walioumia kutumia tena miguu, shingo na mikono. Wengi wao ni watoto, na wengi wa watoto hao waliumia barabarani.

Siku moja alipita kuwaletea watoto mikate ya moto aliyoikaanga. Alimkuta Kyakimwa akiosha vyombo huku Luc akilia kitandani, na Berthe ameketi hatua chache tu kutoka hapo.

"Koko, mbote," Delphine alimsalimu Berthe kwa Kilingala, yaani, "Bibi, salamu." "Leo mujukuu analia na Koko anakaa?"

Kyakimwa ndiye aliyeeleza yote. Delphine aliketi chini, karibu na Berthe.

"Koko, ni nani alikuambia ni mikono yako?"

"Hakuna mutu aliniambia. Miye mwenyewe niliona. Mutoto alikuwa mu mikono yangu, kisha hakukuwa."

"Hata kama alikuwa mu mikono ya Papa Séphora, ingekuwa ile ile."

Mathe alikuwa anaingia. Alisikia jina lake, akacheka kidogo.

"Mama Grady, hapana! Miye ninanyanyua simenti kila siku. Mutoto wa kilo nane atanishinda?"

"Bon," Delphine alisema. "Hatutabishana. Lete bidon ya maji, ile ya litre kumi. Tuende ku terrain ya mupira, pale hakuna batu."

Walikwenda wote. Bidon ilifungwa ndani ya kitenge kama mtoto. Delphine alikaa kwenye usukani. Mathe alikaa mbele, pembeni yake, amekumbatia bidon juu ya magoti. Berthe na Kyakimwa walisimama kando pamoja na watoto.

"Shika sawa vile Koko alimushika Luc," Delphine alimwambia Mathe. "Nitakanyaga breki. Sitakuambia wakati gani."

Motokari ilizunguka uwanja polepole. Mathe alikuwa anaongea, tena anatabasamu. Katikati ya neno lake, Delphine alikanyaga. Bidon iliruka magotini, ikagonga ubao wa mbele, ikaanguka chini. Hata nje walisikia mshindo.

"Nilikuwa bado!" Mathe alisema. "Turudie."

"Na Koko alikuwa tayari siku ile?"

"Turudie tu, Mama Grady."

Safari ya pili alijikaza. Aliikumbatia bidon kwa mikono yote miwili, meno yameumana. Breki ilipokuja, hakuiachilia. Lakini mwili wake wote ulikwenda mbele, na bidon ikabanwa kati ya kifua chake na ubao. Kifuniko kilifyatuka. Maji yalimwagika kwenye shati, kwenye suruali, mpaka ndani ya viatu.

Mathe alitoka, maji yakimtiririka. Séphora alicheka mpaka akaketi kwenye majani. Kyakimwa alijizuia, akashindwa. Na Berthe, ambaye hakuwa amecheka tangu Jumapili ile, aliweka mkono mdomoni, mabega yakitikisika.

Lakini Mathe hakucheka. Alikuwa anaitazama bidon.

"Sikuiachilia," alisema kwa sauti ndogo. "Miye njo niliibana."

"Njo vile, ni kweli," Delphine alimjibu. "Mutu mukubwa hana mukanda, anaenda na uzito yake yote yulu ya mutoto. Na leo tulitembea polepole, tena hatukugonga kitu. Kama motokari ina mbio ya kawaida ya mu muji na inagonga ingine, mutoto wa kilo nane anavuta sawa bagunia ine ya simenti. Bagunia ine, kilo mia mbili, Papa Séphora. Kwa mara moja. Utashika?"

Mathe alitikisa kichwa. Uzito wa simenti aliujua vizuri.

Berthe aliacha kucheka. Alimtazama mwanawe, kijana mwenye mabega mapana, akiwa amelowa mbele yake. Halafu aliitazama tena mikono yake.

"Kumbe haikuwa uzee?" aliuliza.

"Hapana, Koko. Haikuwa uzee, na haikuwa kukosa mapendo. Mu njia ya Kayna ulitembea na miguu yako, na mikono yako ilitosha. Motokari ni kitu ingine. Hakuna mikono ya mutu inatosha."

Berthe alivuta pumzi ndefu, ile ambayo ilikuwa imekwama kifuani tangu siku ya ajali. Alimwendea Kyakimwa, akanyosha mikono.

"Nipe mutoto wangu."

Luc alimrukia kama aliyekuwa akingoja. Walirudi nyumbani kwa miguu, Berthe na Luc, kwa maana alikataa kumpandisha tena motokarini namna ile.

"Sasa tufanye nini?" Kyakimwa aliuliza walipofika. "Motokari iko, na batoto biko. Hatuwezi kuiweka tu kwa kuitazama."

"Kuko kiti cha mutoto," Delphine alisema. "Kinafungwa ndani ya motokari, na mutoto anafungwa ndani yake."

Berthe alikunja uso. "Kufungwa? Sawa mbuzi ya kupeleka soko?"

"Koko, ukibeba Luc ku mugongo, unafunga kitenge namna gani?"

"Ninakaza. Anashikamana na miye kabisa."

"Kwa nini?"

"Asianguke."

"Basi kiti njo kinamubeba Luc ku mugongo. Na motokari inabeba kiti. Vyote vikazwe."

Berthe alifikiri. Jambo la kukaza kitenge alilielewa kuliko wote waliokuwa pale.

Siku iliyofuata wale wanawake watatu walikwenda mjini. Kwanza walipita mahali panapouzwa vitu vilivyokwisha kutumiwa kutoka Ulaya. Kulikuwa na kiti kizuri cha rangi ya waridi, laini kama mto. Kyakimwa alikipenda papo hapo. Delphine aliinua kitambaa chake. Chini yake plastiki ilikuwa na ufa mrefu, na mkanda mmoja ulikuwa umekatwa na kushonwa tena kwa uzi wa viatu.

"Baba, hiki kiti kilikuwa mu ajali?" alimwuliza mchuuzi.

"Mama, nitajua wapi? Kilitoka Ulaya mu kontena."

Alikuwa amesema kweli, na Delphine alimshukuru.

"Kiti chenye kilikwisha kugonga hakiko tena na nguvu, hata kama kinangaa," aliwaeleza wenzake walipoondoka. "Kama unanunua cha zamani, ununue kwa mutu unajua, mwenye atakuambia historia yake. Kikose ufa, mikanda yote iwe mizima, na kisiwe cha zamani sana."

Walifika kwenye butike ya Katungu, mwanamke mfanyabiashara aliyeleta bidhaa zake kutoka Kampala. Katungu alikuwa na kiti kipya, bado ndani ya katoni yake. Delphine hakutazama rangi. Alikigeuza, akatafuta karatasi ya rangi ya machungwa iliyobandikwa nyuma. Ilikuwapo, na juu yake kulikuwa na herufi E ndani ya duara.

"Hii alama inaonyesha kiti kilipimwa," alisema. "Na hapa banaandika uzito: tangu mutoto anazaliwa mpaka kilo kumi na munane. Luc ako na kilo nane. Ni chake. Kiti kinachaguliwa kwa uzito na urefu ya mutoto, hapana kwa uzuri."

"Si tununue kikubwa, akulie mule?" Kyakimwa aliuliza.

"Viatu, ndiyo. Kiti, hapana. Kama kikubwa, mutoto atachomoka."

Kwa Séphora walichukua kiti cha kumwinua, chenye mgongo.

"Mukanda ya motokari ilifanywa kwa batu bakubwa," Delphine alieleza. "Kwa mutoto wa miaka tano inapita ku shingo na ku tumbo. Breki ikikuja, inamukata. Hiki kinamunyanyua ili ipite ku bega na ku mifupa ya kiuno."

"Na mutu mwenye hana kiti?" Kyakimwa aliuliza. "Biko bengi."

"Akitafute. Lakini wakati anatafuta, batoto bakae nyuma. Hapana kusimama. Hapana kukaa mbele yulu ya magoti. Na mukanda moja ni ya mutu moja, hapana kufunga batu babili pamoja, sababu mukubwa atamubana mudogo."

Jioni ile Mathe alifurahi sana kuona katoni. Hakungoja mtu. Alikiweka kiti cha Luc mbele, pale alipokaa Berthe, juu ya kifuniko cha maua mekundu, kikitazama njia. Akazungusha mkanda, akapiga kofi.

"Imeisha! Mama Grady, kuya uone!"

Delphine alikuja. Alishika kiti kwa mkono mmoja, akakitikisa. Kikaenda kushoto, kikaenda kulia, kama mlevi anayetoka kunywa kasiksi, pombe ya ndizi.

"Papa Séphora, tutoe. Tuanze."

Kwanza alimwonyesha maandishi mbele ya kiti cha abiria.

"Hapa ndani kunalala mufuko ya upepo. Motokari ikigonga, inapasuka mbio sana ili kupokea mutu mukubwa. Mutoto mudogo mwenye anaangalia nyuma akiwa hapa, inaweza kumuua. Kwa hiyo kiti kinaenda nyuma."

Nyuma hawakuona mikanda. Mathe alisema motokari yake haina. Delphine alicheka, akavua vile vifuniko vya maua. Mikanda ilikuwa imelala chini yake pamoja na kalamu, makombo ya biskuti na sarafu moja ya Uganda. Waliivuta, wakaipangusa. Mikanda miwili ya pembeni ilikuwa ya kupita begani. Ya katikati ilikuwa ya kiuno tu, kwa hiyo nafasi ile ilibaki ya Kyakimwa.

"Maua yangu!" Kyakimwa alisema.

"Utayashonea madirisha, mama," Delphine alimjibu.

Ndani ya katoni kulikuwa na kitabu kidogo chenye michoro. Delphine alikifungua, akakiweka wazi juu ya kiti. Alieleza kwamba kila kiti kina namna yake, na kitabu chake ndicho kinachosema. Cha Luc kilikuwa na alama za bluu kwa mtoto anayetazama nyuma, na nyekundu kwa mtoto aliyekwisha kukua anayetazama mbele.

"Luc ni bluu," alisema.

"Atatazama nyuma? Hataona kitu," Berthe alisema.

"Koko, umeona kichwa yake? Ni kikubwa, na shingo bado laini. Kama anatazama mbele na breki inakuja, kichwa kinaruka na shingo inavuta. Kama anatazama nyuma, kiti kinapokea mugongo, shingo na kichwa pamoja. Abakie vile zaidi ya mwaka na miezi tatu, hata miaka mbili ao zaidi, kama kiti bado kinamutosha. Miye ninaona mashingo ya batoto ku kazi, Koko. Ninakuomba."

Alimgeukia Mathe, akampa mkanda.

Mathe alipitisha mkanda kwenye alama za bluu. Delphine alimzuia: mkanda ulikuwa umejipinda. Wakaunyosha. Halafu alimwambia akisukume kiti chini kwa uzito wake huku akivuta mkanda. Mathe alikaza mpaka mishipa ya shingo ikaonekana. Delphine akashika kiti pale mkanda unapopita, akakitikisa. Kiti hakikusogea hata upana wa vidole viwili.

"Sasa mutoto."

Berthe alimleta Luc na koti lake nene na kofia. Alimweka, akafunga mikanda midogo ya kiti. Tak! ikalia. Delphine alifungua mikanda. Alimvua Luc koti, akaifunga tena bila kuikaza. Mkanda ulikuwa umelegea. Mkono mzima ulipita kati yake na kifua cha mtoto.

"Yee!" Berthe alisema. "Kumbe ilikuwa inafunga koti!"

"Koti inanywea, mutoto anachomoka. Umukaze na nguo nyepesi. Mikanda itoke ku mabega yake ao chini kidogo. Kidole kimoja tu kipite. Na baridi je?"

Berthe hakungoja jibu. Alichukua kitenge, akamfunika Luc juu ya mikanda, akakipenyeza pembeni vizuri.

"Njo vile, Koko! Yulu, hapana chini."

Kuanzia siku ile kazi ya kumfunga Luc ilikuwa ya Berthe. Hakumwachia mtu. Motokari haikuwashwa kabla hajaingiza kidole chake. Jumapili ya kwanza Luc alilia, akajipinda. Mathe alitaka kumtoa.

"Ukimutoa leo, kesho atalia ili atolewe," Berthe alisema. "Twende."

Walipofika, Luc alikuwa amelala. Na Berthe, mbele, mkanda wake mwenyewe umefungwa, mikono yake haikujua iende wapi. Aliiweka magotini, akatazama nje. Aliona kwamba njiani kuna nyumba nyingi mpya ambazo hakuwahi kuziona, kwa sababu siku zote alikuwa akimshikilia mtoto na kuogopa.

Mwezi ule Joyeuse, binti yake anayekaa Beni, aliwaita. Mume wake alikuwa amenunua motokari ya biashara, na watu wa nyumbani walitaka kushukuru pamoja. Mathe aliuliza kwanza habari za njia, akangoja mchana mzuri. Waliondoka baada ya Berthe kumkagua kila mtu, hata Mathe.

"Weye pia. Mukanda."

"Mama, niko nafunga."

"Niko naona hujafunga."

Njia ilikuwa imelowa kwa mvua ya usiku. Kabla ya Beni, kwenye mteremko, lori lilikuwa linapanda. Nyuma yake motokari nyingine ilitoka ghafla ili ilipite, ikaja upande wao. Mathe alikanyaga breki na kukata usukani. Matope yaliwabeba. Matunda yaliruka kutoka kwenye kikapu, simu ya Kyakimwa ikapita juu, Séphora akapiga kelele. Halafu motokari ikasimama, gurudumu moja ndani ya mtaro. Haikuwa imegonga kitu.

"Luc!" Kyakimwa aliita.

Berthe alikuwa ameshageuka. Mkanda ulimshika begani, akaufungua, akatoka na kufungua mlango wa nyuma. Luc alikuwa mahali pake, kitenge bado kimepenyezwa pembeni. Tunda moja la marakuja lilikuwa limemwangukia mapajani. Alilishika kwa mikono miwili, akitafuna ganda lake. Séphora alikuwa mahali pake, macho makubwa, mkanda begani.

"Mukaka, mbona sikuanguka?" Séphora aliuliza.

Berthe alimpapasa shavu. Alishika ukingo wa mlango. Machozi yalimtoka, lakini hayakuwa ya huzuni. Kyakimwa alikuwa analia na kucheka kwa mara moja. Mathe aliweka paji la uso juu ya usukani, akakaa hivyo.

"Wasingya, Nyamuhanga," Berthe alisema mwishowe, yaani, asante Mungu. "Na asante kwa Mama Grady."

Watu waliokuwa shambani walikuja na majembe, wakaitoa motokari matopeni. Kabla ya kuondoka, Berthe alimwambia Mathe akitikise kiti cha Luc tena. Kilikuwa imara.

Beni walipokelewa kwa vigelegele na wali mwingi. Jemima, yule mtoto wa njia ya Kayna, alimrukia bibi yake shingoni. Baada ya chakula Joyeuse alisikia habari yote ya mtaro. Alitoka nje, akakitazama kiti cha Luc, kisha akatazama motokari mpya ya mume wake.

"Mama, kwa Jemima nasi tutatafuta," alisema. "Lakini miye sitaweza. Mikanda mingi sana. Ninaogopa kukosea."

"Miye nilikosea kukupita," Berthe alimjibu. "Kuya hapa."

Alikifungua kiti cha Luc chote, akakitoa, akakiweka mikononi mwa binti yake. Joyeuse alikirudisha motokarini, akapitisha mkanda kwenye alama za bluu, akavuta.

"Tikisa," Berthe alisema.

Joyeuse alitikisa. Kiti kikasogea.

"Haiyaisha. Anza tena."

Joyeuse aliguna, akaanza tena. Alinyosha mkanda uliojipinda. Alisukuma kwa uzito wake wote, akavuta mpaka jasho likamtoka. Jemima na Séphora walisimama pembeni wakimtazama, midomo wazi. Halafu akashika kiti kwa mikono miwili, akatikisa. Sasa kiti hakikusogea. Motokari nzima ndiyo iliyoyumba.

Berthe alivuta mkanda kidogo, haukulegea, akaridhika.

"Sasa ndiyo," alisema. "Sasa lete mutoto."